Magunia Saba Yasiyo na Mwenyewe

Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Mbeya na watu 2,707,410. Sensa ya 2022 ikaukuta na watu 2,343,754. Ukitoa, unapata pengo la watu 363,656 ndani ya miaka kumi, kama vile mji mzima umefunga mizigo usiku ukaondoka. Takwimu hizi alizileta kijana mmoja kijiweni kwetu Kabwe, jijini Mbeya, simu mkononi, sauti juu, na sababu zake tayari mfukoni: vijana wamekimbilia Dar, ardhi imechoka, watu siku hizi wanazaa wawili wanaishia hapo. Kila mmoja akaongeza ya kwake. Fundi viatu wetu, mzee ambaye kwa kawaida hasemi mpaka uzi uishe, akainua kichwa: "Na Songwe umewaweka wapi, mjukuu wangu?"

Kimya. Halafu kicheko.

Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Watu 1,344,687 waliohesabiwa huko mwaka 2022, kuanzia Mbozi mpaka mpakani Tunduma, wengi wao hawakuhama popote. Wanalala kwenye vitanda vilevile, wanalima mashamba yaleyale. Uliohama ni mpaka. Ukiwarudisha, ile Mbeya ya zamani ilikuwa na watu 3,688,441, ongezeko la asilimia 36. Nchi nzima katika miaka hiyo ilitoka watu milioni 44.9 kufika milioni 61.7, ongezeko la asilimia 37. Yaani Mbeya ilikwenda na mwendo wa wenzake, hakuna cha ajabu.

Yule kijana tulimcheka, lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nilijiona sina haki ya kucheka. Maelezo yake yalikuwa mazuri kabisa. Tatizo ni kwamba yalieleza kitu ambacho hakikutokea. Na hiyo ndiyo hatari ya kuanza na "kwa nini" kabla ya "kipi hasa kimebadilika".

Wanademografia, yaani wataalamu wa idadi ya watu, wana daftari lao la kazi hii, na ni daftari jepesi kuliko la duka. Idadi ya watu mahali popote hubadilika kwa njia nne tu: wamezaliwa, wamekufa, wamehamia, wamehama. Wao huviita vijenzi vya mabadiliko. Mstari wa tano, ambao huandikwa pembeni kwa maandishi madogo, ni ule wa fundi viatu: mipaka imesogezwa, au kipimo kimebadilishwa. Sehemu kubwa ya ugomvi wa takwimu ninaousikia redioni ungekwisha kama tungeanza kusoma daftari hilo kutoka chini.

Iringa walitangulia kupata mkasa huohuo. Mwaka 2002 mkoa ulikuwa na watu karibu milioni 1.5, mwaka 2012 ukawa na watu 941,238. Njombe ilikuwa imekatwa miezi michache kabla ya sensa, ikiwa na watu 702,097. Lakini safari hii ukishaunganisha vipande viwili, fumbo haliishi. Jumla inakuja kama milioni 1.64, ongezeko la asilimia 10 hivi kwa muongo mzima, wakati nchi iliongezeka kwa asilimia 30. Hapo sasa kuna jambo. Muongo uliofuata, Iringa ikafika watu 1,192,728 na Njombe 889,946, kila mkoa asilimia 27. Eneo lilelile, milima ileile, baridi ileile, lakini mwendo umekaribia kuongezeka mara tatu.

Daftari linakuonyesha pa kuchimba. Kwenye mstari wa vifo, hii ni mikoa iliyopigwa na UKIMWI kuliko mingine, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, zikachukua miaka kufika kwenye zahanati za vijijini. Kwenye mstari wa wanaohama, hakuna mtu wa Dar es Salaam asiyejua kwamba dada wa kazi hutafutwa Iringa. Kwenye mstari wa wanaohamia na wanaorudi, mbao za Mafinga na parachichi za Njombe zimewapa vijana sababu ya kubaki nyumbani. Ila sensa huhesabu vichwa, haigawi shukrani. Mkuu wa idara ya afya na mwenye shamba la parachichi wanaweza kusimama jukwaa moja, kila mmoja akionyesha asilimia 27 ileile.

Tukiwa bado kwenye UKIMWI, kuna mtego ambao Kiswahili chetu chenyewe kimeutega. Tunasema "kiwango cha maambukizi" tukimaanisha watu wangapi kati ya 100 wanaishi na virusi. Halafu tunasema "maambukizi mapya" kwa wale walioambukizwa mwaka huu. Neno moja limebeba mambo mawili yaliyo mbali kama maji yaliyomo kwenye tangi na maji yanayoingia kwa bomba.

Njombe ilipimwa ikawa na asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011–12. Utafiti wa 2016–17 ukatoa 11.4. Wa 2022–23 ukatoa 12.7, ikiwa bado juu kuliko mikoa yote, wakati taifa liko 4.4. Vichwa vya habari hapo hujiandika vyenyewe: maambukizi yapanda Njombe. Lakini tangi lina bomba la kuingiza na tundu la kutoa, na tundu la kutoa hapa ni kifo. Dawa zikifanya kazi vizuri, watu hawafi. Wasipokufa, wanabaki kwenye hesabu miaka 20 na 30. Maji ya tangi yanaweza kupanda hata kama bomba limekazwa, na kupanda huko kukawa ndiyo habari njema kuliko zote. Vilevile yanaweza kushuka kwa sababu watu wanazikwa. Kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa katika miaka ile ambayo kila Jumamosi kulikuwa na msiba kijijini na mbao za jeneza zilikuwa zinanunuliwa kwa mkopo.

Na usisahau maandishi madogo ya chini. Namba ya 2011–12 iliwahusu watu wa miaka 15 hadi 49, hizo mbili za baadaye zinahusu miaka 15 na kuendelea. Isitoshe, tafiti hizi hupima sampuli ya kaya, na tofauti ya 11.4 na 12.7 katika mkoa mmoja inaweza kuwa ni bahati ya kaya zilizoangukiwa. Sisemi haina maana. Nasema mwandishi aliyeijengea kichwa cha habari alipaswa kwanza kuuliza swali la fundi viatu.

Sasa niseme kitu kilichonifikisha kwenye makala haya, maana sensa nilikuwa naisoma kwa mapenzi tu.

Mwaka juzi dada yangu alinipigia simu sauti imekauka. "Kaka, wamemrudisha mtoto." Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha tatu kwenye shule moja ya binafsi hapa jijini. Wastani wake haukufika ule wa shule, na barua iliyokunjwa vizuri ikasema mzazi anashauriwa kumtafutia mtoto shule itakayomfaa zaidi. Hakuwa peke yake. Kwa hesabu ya dada, darasa lao lilipungua karibu theluthi. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, bango likatundikwa barabarani, rangi ya bluu na njano: hakuna sifuri, hakuna daraja la nne, wastani umepanda mwaka wa tatu mfululizo. Wazazi wapya wakapanga foleni kuchukua fomu.

Fikiria darasa la watoto watano wenye alama 30, 40, 50, 60 na 70. Wastani wao ni 50. Waondoe wawili wa chini, waliobaki usiwafundishe hata siku moja. Wastani umekuwa 60. Shule imepanda alama kumi na hakuna mtoto aliyejifunza hata herufi.

Mtu aliyeandika hesabu hii kwa ukamilifu zaidi hakuwa mwalimu. Ni George Price, Mmarekani aliyesomea kemia, akahamia London mwaka 1967, akajifundisha jenetiki mwenyewe, na mwaka 1970 akachapisha mlinganyo mfupi kuhusu mageuzi ya viumbe. Unasema hivi: wastani wa kundi lolote ukibadilika, mabadiliko hayo yana sehemu mbili. Moja inatokana na nani amebaki na nani ameondoka, au nani amezaa zaidi na nani hakuzaa. Ya pili inatokana na waliomo wenyewe kubadilika. Price alikuwa akiwaza viumbe na vizazi vyao, lakini mlinganyo haujali. Uweke swala, uweke wanafunzi, uweke wakulima wa kijiji ambao wastani wa mavuno yao umepanda kwa sababu tu maskini wao wameuza ekari zao kwa tajiri wa Makambako.

Miaka 15 kabla yake, mwaka 1955, Evelyn Kitagawa, mwanademografia wa Chicago, alikuwa ameshafanya jambo la jamaa moja na hilo kwa njia nyingine. Alitaka kujua kwa nini viwango vya makundi mawili vinatofautiana, tuseme vya vifo. Mkoa wenye wazee wengi utazika watu wengi hata kama hospitali zake ni nzuri. Kwa hiyo akaigawa tofauti: hiki ni kwa sababu watu wenyewe ni wa aina nyingine, hiki ni kwa sababu watu wa aina moja wanakufa kwa kasi tofauti. Mabaki madogo yaliyotokana na mambo hayo mawili kukutana, hesabu yake iliyagawa nusu kwa nusu. Kumbuka hayo mabaki, tutayarudia.

Mwaka 1957 mwanauchumi Robert Solow naye akaichambua Marekani ya 1909 hadi 1949. Pato kwa kila saa ya kazi lilikuwa limeongezeka maradufu. Alipoondoa sehemu iliyotokana na kuongezeka kwa mitambo na mitaji, akakuta imeeleza moja ya nane tu. Saba ya nane zilizobaki akaziita mabadiliko ya teknolojia. Mwenzake Moses Abramovitz alikuwa amekutana na mabaki ya namna hiyo mwaka mmoja kabla, akayaita kwa jina ambalo nalipenda zaidi: kipimo cha ujinga wetu.

Wanademografia, wanabiolojia na wanauchumi hawakuwa na kawaida ya kusomana. Hata hivyo wote walikuwa wakirudi kwenye swali la dada yangu mbele ya lile bango: hawa wamejifunza, au wamechagua waliokwisha kujua? Kwa maoni yangu hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza mtu yeyote anayekuletea grafu inayopanda. Hospitali inayosema vifo vimepungua, iulize kama imeanza kuwapa rufaa wagonjwa mahututi. Benki inayosema wakopaji wake wanalipa vizuri, iulize imewanyima nani.

Lakini mbinu hii ya kukata vipande ina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana vizuri kila Agosti kwenye viwanja vya John Mwakangale.

Nane Nane ya Mbeya naipenda. Napenda vumbi lake, napenda ng'ombe waliosafishwa kuliko watoto wetu. Agosti 8, 2022 ndipo palipozinduliwa ruzuku ya mbolea, na mfuko wa urea ukashuka hadi shilingi 70,000, na hakuna mkulima wa nyanda za juu kusini aliyesahau bei ilikuwa imefika wapi kabla ya hapo. Mwaka mmoja nilizunguka mabanda na daftari. Banda la mbegu likasema mbegu yetu inaongeza mavuno maradufu. La mbolea likasema hivyohivyo. La dawa ya viwavijeshi likasema bila dawa unapoteza nusu. La bima likasema mkulima mwenye bima huzalisha zaidi. Nilipozidisha ahadi zote, ekari moja ya shangazi yangu kule Isangati ilitakiwa itoe magunia zaidi ya 90. Shangazi hajawahi kuvuka 18, na mwaka huo wa 18 alichinja kuku wawili.

Hakuna banda linalosema uongo. Hilo ndilo linalosumbua. Tufanye mfano wa kubuni. Ekari moja, mbegu ya kienyeji, bila mbolea: magunia 6. Mbegu chotara peke yake bila mbolea: 8. Mbolea peke yake kwenye mbegu ya kienyeji: 9. Vyote viwili: 18. Nyongeza ni magunia 12. Mbegu ikiwa peke yake ilileta 2, mbolea ikiwa peke yake ilileta 3. Hizo ni 5. Magunia 7 yaliyobaki, yale mabaki ya Kitagawa, ni ya nani?

Mwenye mbegu atakwambia: ondoa mbegu yangu, unarudi 9, kwa hiyo 9 ni yangu. Mwenye mbolea: ondoa mbolea yangu, unarudi 8, kwa hiyo 10 ni yangu. Wanadai magunia 19 katika nyongeza ya 12, na kila mmoja anaweza kula kiapo. Magunia saba yamehesabiwa mara mbili kwa sababu yalizaliwa na wawili. Chotara imezalishwa ili itumie mbolea nyingi na kuigeuza kuwa punje. Bila naitrojeni inasimama njano inakutazama. Mbegu ya kienyeji ukiishindilia urea inarefuka, upepo wa Machi unailaza. Na udongo nao una kauli yake: udongo wa volkano wa kule Rungwe hung'ang'ania fosforasi, hivyo mfuko uleule wa DAP, mbolea yenye fosforasi, hufanya kazi moja Tukuyu na kazi nyingine Igurusi.

Kuna wakati mwingiliano huu haupo, tuwe waungwana. Mwaka 1923 Ronald Fisher na mwenzake, kwenye kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza, walichapisha jaribio la aina 12 za viazi mviringo zilizowekewa mbolea mbalimbali. Ndilo jaribio lililotumia kwa mara ya kwanza ule uchambuzi wa kugawa tofauti za mavuno katika mafungu, hili la aina, hili la mbolea, hili la bahati, ambao leo kila mwanafunzi wa kilimo pale Sokoine huufanya kwa kompyuta bila kujua ulianzia kwenye viazi. Wakakuta aina zote ziliitikia mbolea karibu sawasawa. Hapo unaweza kugawa utakavyo, mafungu yanakubali kujumlishwa. Basi watu wakazoea. Wakaanza kugawa hata visivyogawika: ni asilimia ngapi ya akili ni kurithi, ni asilimia ngapi ni malezi.

Mwaka 1974 mwanabiolojia Richard Lewontin aliwajibu kwa mfano wa ukuta. Mafundi wawili wakijenga pamoja, kila mmoja anapanga matofali yake, unaweza kuhesabu nani kaweka mangapi. Lakini mmoja akikoroga saruji na mwingine akapanga, ukiuliza ukuta huu ni asilimia ngapi wa huyu na ngapi wa yule, umeuliza swali lisilo na jibu. Mtu yeyote aliyewahi kujenga choo Mwanjelwa anaelewa hilo bila kusoma biolojia.

Nyanda za juu kusini tuliwahi kuishi ndani ya ukuta wa namna hiyo. Mahindi ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, yale yaliyotufanya tuitwe mikoa minne mikubwa, yalipanda miaka ya 1970 na 1980 kwa sababu ya mbegu chotara, mbolea ya ruzuku, barabara ya lami na reli ya TAZARA, na bei moja kwa nchi nzima iliyomfanya mkulima wa Sumbawanga alipwe sawa na wa Morogoro. Wapo wataalamu waliojitahidi kuonyesha kipi kilikuwa na uzito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ruzuku na bei moja vilikuwa vimeondolewa au viko njiani kuondoka. Mbegu zilibaki, lami ilibaki. Wazee wa huku watakusimulia jinsi mbegu na lami zilivyofanya kazi zikiwa zimeachwa peke yake.

Nimechelewa kufika ninakotaka, yaani mto.

Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, kule Hifadhi ya Ruaha, viboko wakasongamana kwenye madimbwi ya tope. Tangu hapo imekuwa desturi ya mto huo. Na kwa miaka 30 tumekuwa tukitafuta aliyeukausha kama vile tunatafuta mwizi wa kuku. Wafugaji walitajwa kwanza. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa bonde la Usangu na makundi yao ya ng'ombe, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani. Mwaka 2008 likaja Tangazo la Serikali namba 28 (GN 28), hifadhi ya Ruaha ikapanuliwa mpaka ikaimeza ardhi oevu ya Ihefu. Taja GN 28 ukiwa wilayani Mbarali, utaona hata watoto wanageuka. Ng'ombe waliondoka. Kiangazi kilichofuata mto ulikauka.

Watafiti waliokaa Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 walikuwa wamekwisha kusema kitu kingine. Hawakuona ushahidi kwamba ng'ombe au ukataji wa misitu ya milimani ndiyo chanzo kikuu. Walionyesha kidole maji yanayochepushwa kiangazi kwa mifereji. Na walieleza jinsi mambo yanavyokwenda. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na wenzao hushuka milimani, humwaga maji kwenye ardhi oevu ya Ihefu, na Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, N'Giriama, ambako kuna mwamba umelala kama ukingo wa beseni. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba, mto unatoka unakwenda Ruaha, kisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Yakishuka chini ya mwamba kwa upana wa kiganja, hakitoki hata kikombe.

Hapa mbinu zote za kugawa zinagonga mwamba, na safari hii ni mwamba wa kweli. Mvua ikipungua kidogo, maji yangali juu ya ukingo. Mifereji ikiongezeka kidogo, bado. Jua kali juu ya Ihefu, bado. Vyote vitatu vikija pamoja, mto umekwisha. Ukiuliza mifereji imechangia asilimia ngapi, jibu linategemea umeanza kuhesabu na nani. Ukianza na mifereji, haina kosa. Ukiimalizia, kosa lote ni lake. Nadhani ndiyo maana kila kundi limeweza kuja na mtaalamu wake, na kila mtaalamu akawa sahihi. Umeme ulipokatika, tuliambiwa ni wakulima wa Usangu, ingawa wapo watafiti waliouliza pia namna bwawa la Mtera lenyewe lilivyokuwa likifunguliwa na kufungwa.

Kwangu mimi, swali la nani ameukausha linafaa mkutano wa hadhara na si zaidi. Swali lenye kazi ni hili: kati ya haya yote, ni kipi tunachoweza kukisogeza kesho asubuhi, na kwa kiasi gani, ili maji yavuke ukingo? Mvua hatuisogezi. Ng'ombe tumekwisha kuwasogeza. Yamebaki mabanio, yale malango ya kuchepushia maji ya mto mferejini, na hapo kuna wapiga kura, kuna mchele wa Mbeya ambao hata mimi ndio niliokula mchana huu, na kuna hesabu ngumu kuliko ya Price.

Oktoba iliyopita nilikuwa upande wa Chimala. Mwenyeji wangu, baba mmoja mwenye majaruba mawili na bustani ya vitunguu, alikuwa zamu ya maji. Banio lao ni la mawe, magunia ya mchanga na ubao mmoja uliochongwa kukaa kwenye mlango. Mpunga ulikuwa umevunwa zamani. Maji ya mferejini yalikuwa ya vitunguu, ya kufyatulia matofali, ya kunywa na ya kuoga, upana wake ungeweza kuruka bila kukimbia.

"Mwalimu," akaniambia, yeye huniita hivyo ingawa sijawahi kufundisha, "hebu tazama haya maji. Nikifunga yote, Ruaha itapata nini?"

Nilipiga hesabu pale pale nikiwa nimesimama. Akifunga, maji yataendelea na mto, yatachukuliwa na banio la chini yake. Wakiyaacha wao, yatachukuliwa na la chini zaidi. Yakipona yote hayo, yatatandaa Ihefu na kunyonywa na jua kabla hayajaukaribia mwamba. Mchango wa mfereji wake kwenye kukauka kwa Ruaha, ukiupima peke yake, ni sifuri. Na wa jirani yake ni sifuri. Jumlisha sifuri zote hizo kutoka mto Mkoji mpaka mto Ndembera, unapata mto mzima.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Baba, peke yako haitapata kitu."

Akanitazama kama anayesubiri nusu ya pili ya sentensi. Haikuja. Akainama, akausukuma ubao chini kama vidole viwili, maji ya mferejini yakapungua sauti. "Hivi viwili vya mgeni," akasema. Tukapanda kingo kutazama vinakokwenda. Hatua kama 100 chini yetu, kijana wa bodaboda alikuwa ameingiza pikipiki katikati ya mto anaiosha, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu, na ng'ambo yake banio jingine lilikuwa wazi, ubao wake umeegemezwa kwenye mti.